Nota za kwaya, biti za studio: programu ipi iingie kwenye laptopu yako?

Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu ya kuandikia nota iliyoanza kuuzwa mwaka 1988. Wengi mjini hawakuisikia habari hiyo. Walimu wa kwaya wa Nairobi, hasa wa parokia na wa shule za upili, waliisikia vizuri sana. Wapo walioweka kazi ya maisha yao humo: misa nzima, zaburi za kila Jumapili, nyimbo za kikwao walizozipanga kwa sauti nne kwa ajili ya tamasha. Programu ikifa, faili hazifi siku hiyo hiyo. Zinazeeka pole pole. Kompyuta inabadilishwa, Windows inabadilika, halafu siku moja unabofya jina la wimbo wako na hakuna kinachofunguka.

Tangu hapo, nikikutana na wanakwaya ama vijana wa studio, swali ni lile lile: sasa tutumie gani? Mara nyingi ndani ya swali hilo kuna mahitaji mawili yasiyofanana. Mwalimu anataka nota zilizonyooka za soprano, alto, teno na besi, na wakati huo huo anataka programu iyo hiyo imtolee wimbo wenye ngoma na gitaa la besi wa kuweka YouTube. Programu moja ya kufanya yote mawili vizuri sijaiona, na nadhani watu wanapoteza muda mwingi kuitafuta. Mimi ningeuliza maswali mawili tu. Mwishoni kitoke nini, karatasi au sauti? Na kazi yangu itatokaje humu siku wenye programu watakapoamua kufunga duka?

Tofauti kati ya programu ya nota na sekwensa, yaani programu ya kurekodi na kupanga sauti, iko kwenye kile kila moja inachokumbuka. Sekwensa inakumbuka kitendo cha mkono. Chini yake kuna MIDI, lugha ya vyombo vya kielektroniki iliyotoka mwaka 1983 kwa juhudi za Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, na ambayo hadi leo ndiyo inayosafiri kwenye waya wa USB kutoka kinanda chako hadi kwenye laptopu. Kila nota ina namba kati ya 0 na 127, na C ya katikati ni 60. Nguvu ya kidole nayo ni namba, 0 hadi 127. Kisha kuna wakati wa kubonyeza na wakati wa kuachia. Basi. Ukibonyeza namba 61, MIDI haina habari kama umekusudia C shapu au D flati. Kwa mtengeneza biti hilo halimsumbui, sauti ni moja. Kwa mwimbaji wa alto anayesoma karatasi, tofauti hiyo ndiyo inayomwambia wimbo umehamia ufunguo gani.

Programu ya nota inakumbuka maana: kwamba hii ni D flati, ni robo, iko kwenye pigo la tatu, imefungwa na inayofuata, na chini yake kuna silabi "-ngu-" ya "Mbinguni". Haijali sana kidole kilichelewa kiasi gani. Ndiyo maana ukiisikiliza inapopiga wimbo wako inasikika kama imekaza shingo.

Tuone kinachotokea unapotoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa sababu hapo ndipo watu wanakata tamaa. Chukua mdundo wa 12/8, ule wa isukuti na wa ngoma nyingi za magharibi mwa Kenya, ambapo kila pigo linagawanyika mara tatu. Mpigaji anafungua sekwensa iitwayo Reaper, anaunganisha kinanda, anapiga. Hajabadilisha chochote, kwa hiyo programu imebaki kwenye 4/4. Reaper kwa kawaida inagawa kila pigo vipande 960. Nota iliyopaswa kuangukia theluthi ya pigo, yaani kipande cha 320, kidole kimeiangusha kwenye cha 334. Sikio halilalamiki hata kidogo, utamu wenyewe uko hapo. Sasa hamisha faili hiyo ya MIDI uifungue kwenye MuseScore, programu ya nota. Programu inatafuta mahali pa karibu pa kuiweka nota, na kama haikujua kwamba pigo hugawanywa kwa tatu, inaunganisha vipande vifupi vifupi vya nota, inajaza mapumziko madogo madogo, na ukurasa unakuwa mweusi tii. Mdundo ambao mtoto wa Shinyalu anaucheza bila kufikiri unageuka kitu ambacho hata mhitimu wa muziki hawezi kukisoma.

Dawa ipo na si ngumu. Weka 12/8 kabla hujagusa kinanda. Piga ukisikiliza metronomu. Ukimaliza, tengeneza nakala ya traki hiyo, nakala peke yake uinyooshe kwenye gridi ya tatu-tatu, na hiyo ndiyo uipeleke kwenye programu ya nota. Ile uliyoipiga kwa mkono iache kama ilivyo, maana ndiyo itakayosikika kwenye rekodi. Nimeona watu wakiinyoosha ile ile ya sauti halafu wanashangaa wimbo umepoa.

Kuna mambo ambayo hata dawa hiyo haiyatibu. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huzifunga kwa sikio lake na kwa sauti yake. Haina deni lolote kwa piano. Ukiipeleka kwenye MIDI unailazimisha ikae kwenye vitufe kumi na viwili vya kila oktava. Na ukitafuta sauti yake kwenye orodha ya kawaida ya General MIDI ya mwaka 1991, yenye sauti 128, utapata banjo, koto ya Kijapani, hata zumari la mfuko la Uskoti. Ala zenye asili ya Kiafrika humo ni chache, kama kalimba, namba 109. Kwa kazi kama hiyo rekodi nyatiti yenyewe kwa maikrofoni, kisha nota uziandike kama ramani ya kumsaidia anayejifunza.

Pamoja na upungufu huo, sitaki mtu adhani nota zimepitwa na wakati. Wimbo wetu wa taifa ulitokana na bembelezi ya Wapokomo. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, liliuchukua uimbaji huo wa akina mama wa Mto Tana na kuupa sauti zake na maandishi yake. Kwa kuwa uliandikwa, bendi ya polisi iliweza kuupiga, na kwaya ya shule isiyowahi kumwona Mpokomo iliweza kuuimba. Kwaya ya watu arobaini haifundishwi kwa faili la sauti pekee bila kupoteza teno njiani. Inataka karatasi.

Sasa programu zenyewe za nota. Tatu ndizo za kuzungumzia.

MuseScore ndiyo ninayoipendekeza kwa walimu walio wengi, na sababu ya kwanza si kwamba ni ya bure. Sababu ni kwamba msimbo wake uko wazi, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi moja na kuizika. Historia yake inafurahisha ukiiweka kando ya mada yetu: Mjerumani Werner Schweer aliitoa mwaka 2002 kutoka ndani ya sekwensa iitwayo MusE, akaona upande wa nota unastahili kusimama wenyewe. Toleo la 4, la Desemba 2022, liliipa sura nzuri zaidi na sauti za Muse Sounds, ambazo kwa kweli zinasikika kama wanadamu wanaopiga ala. Kasoro yake kwetu ni uzito. Laptopu nyingi zinazouzwa katikati ya jiji ni za mitumba kutoka Uingereza, zile za ex-UK, na ukipata yenye RAM ya gigabaiti nne, toleo la 4 litakuwa linavuta miguu. Sauti zile nazo ni gigabaiti kadhaa za bando. Habari njema ni kwamba inafanya kazi bila hizo sauti, na toleo la 3.6 bado linatosha kabisa kuandikia misa ya sauti nne na kinanda.

Dorico ndiyo bora kuliko zote kwa akili ya muziki, na nasema hivyo nikijua bei yake. Ilitoka mwaka 2016. Waliokuwa wakiitengeneza Sibelius, programu nyingine ya nota, walipoteza ofisi yao ya London mwaka 2012 wenye kampuni walipoifunga, kampuni ya Steinberg ya Hamburg ikawachukua, wakaanza upya wakiwa wanajua vizuri makosa ya programu za zamani. Uzuri wake utauona ukibadilisha mizani: andika wimbo kwa 6/8, kisha ugundue kwamba waimbaji wanausikia kwa 3/4, jambo la kila siku katika ngoma zetu. Badilisha alama ya mwanzo na Dorico inazipanga upya nota zote, inakata na kufunga inapostahili. Kwenye programu nyingine kazi hiyo inaweza kukumalizia jioni nzima. Dorico SE ni ya bure na inaruhusu hadi wapigaji wanane, idadi inayotosha kwaya na kinanda chake.

Sibelius, iliyoundwa na ndugu pacha wa Uingereza, Ben na Jonathan Finn, na kutolewa mwaka 1993, bado ina watumiaji waaminifu vyuoni. Toleo lake la bure linaishia sehemu nne. Soprano, alto, teno, besi, halafu mpiga kinanda anabaki nje. Zaidi ya hapo unalipa kwa dola. Kwa mwalimu anayelipwa kwa shilingi sioni sababu ya kuingia humo leo.

Zote tatu zinashindwa mahali pamoja, na mahali penyewe ni muhimu sana kwetu. Kwaya nyingi za Kenya hazisomi mistari mitano. Zinasoma solfa: d, r, m, f, s, l, t, ule mfumo wa John Curwen wa karne ya 19 uliojengwa juu ya kazi ya Sarah Glover, ambao wamisionari walituletea na sisi tukaufanya wetu. Ndani ya solfa, koloni hutenganisha mapigo, nukta hugawa pigo, kistari huendeleza sauti, na alama ndogo juu au chini huonyesha oktava. Mwanakwaya wa Kayole ama Kangemi ataimba wimbo mpya papo kwa papo kutoka kwenye karatasi hiyo. Na bado mwalimu anayetaka solfa kamili, na koloni na nukta zake, chini ya nota mara nyingi analazimika kuiandika kwa mkono kama mstari wa maneno, herufi kwa herufi. Akihamisha wimbo kutoka G kwenda F, nota zinahama zenyewe. Akirekebisha nota moja ya teno, solfa iliyo chini haijui, inabaki na kosa la zamani, na Jumapili teno wanaimba kosa hilo kwa sauti kubwa. MuseScore inaweza kuweka majina ya solfa ndani ya vichwa vya nota, lakini hiyo haikupi koloni na nukta, na bila hizo hakuna mapigo.

Upande wa sekwensa nitakwenda haraka zaidi, kwa sababu tofauti ni ndogo kuliko mabishano yake.

Vyumba vingi vya kulala vya Nairobi vilivyogeuzwa studio vinaendeshwa na FL Studio. Inatoka Ubelgiji, zamani ikiitwa FruityLoops, na sababu ya kupendwa inaeleweka: kuchora biti kwenye gridi yake ni kazi ya dakika, na ukinunua mara moja unapata matoleo mapya maisha yako yote. Toleo la majaribio lina mtego ambao anayeanza lazima aujue mapema. Litakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini halitaufungua tena hadi ulipe. Pia haina ukurasa wa kuhariri nota za mistari mitano, kwa hiyo mwalimu wa kwaya akiinunua amenunua chombo cha kazi ya mtu mwingine.

Mimi nasimama na Reaper. Aliyeianzisha, Justin Frankel, ndiye aliyetengeneza Winamp, programu ya kuchezea muziki, na unaona mkono wa mtu anayechukia mafuta yasiyohitajika: faili lake la kusakinisha ni dogo kuliko video nyingi unazotumiwa WhatsApp, na linafanya kazi vizuri kwenye laptopu iliyochoka. Unalijaribu siku 60 bila kunyimwa chochote. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, takriban shilingi 7,800. Inarekodi sauti za watu, inapanga MIDI, na ina ukurasa wa nota wa kukagua ulichopiga. Sura yake si ya kuvutia na siku za kwanza utaumia kichwa kidogo. Baada ya hapo unaifundisha ifuate mikono yako.

Logic ni nzuri na bei yake ni ya haki, ila inataka Mac au iPad. Cubase ina historia ndefu kuliko nyingi, tangu enzi za kompyuta za Atari mwaka 1989, na tangu toleo la 14 la mwishoni mwa 2024 ukurasa wake wa nota umejengwa juu ya kazi ya Dorico. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ndoto ya programu moja, kwa mwenye fedha. Cakewalk, sekwensa nyingine, nimwonyeshe anayedhani kilichoipata Finale hakiwezi kutokea upande huu: Gibson waliacha kuitengeneza mwaka 2017, ikaokolewa mwaka uliofuata na BandLab ya Singapore. Wenye miradi yao humo walikaa miezi wakisubiri kama wana programu au hawana.

Jambo moja la ufundi linawafukuza wengi kabla hata ya kuchagua. Unabonyeza kinanda, sauti inakuja baadaye, vidole vinachanganyikiwa. Watu wanalaumu programu. Angalia kwanza mpangilio wa sauti. Kompyuta ikikusanya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024 kabla ya kuzitoa, kwa mwendo wa 44,100 kwa sekunde, umeshachelewa milisekunde 23 hapo peke yake. Shusha hadi 128 na kuchelewa huko kunakuwa chini ya milisekunde tatu. Kwenye Windows isiyo na kifaa cha sauti cha nje, programu ndogo ya bure, ASIO4ALL, husaidia sana. Ikianza kukwaruza, panda hadi 256 utulie.

Kuhusu programu za kuibwa nitasema wazi. Fundi anayekuuzia laptopu na kukuwekea kila kitu kwa bei ya chai anakupa programu isiyosasishwa, mara nyingi yenye kirusi, ambayo siku ikigoma huna wa kumuuliza. Zamani mtu angejitetea kwamba hana njia nyingine. Leo, kukiwa na MuseScore ya bure na Reaper ya dola 60, utetezi huo umekwisha. Na ni vigumu kudai mrabaha wa wimbo wako ukiwa umeutengenezea kwa jasho la mtu ambaye hukumlipa.

Kwa wenye mafaili ya Finale, fanyeni kazi hii mwezi huu. MakeMusic walisema mwanzoni kwamba uidhinishaji, yaani kuiruhusu Finale ifanye kazi kwenye kompyuta mpya, ungekoma baada ya mwaka mmoja, kisha wakabadilisha na kusema utaendelea, lakini hakuna anayeweza kuahidi Windows ya miaka mitano ijayo. Fungueni Finale, mtume folda nzima kwenda MusicXML kwa amri yake ya pamoja. MusicXML ni mfumo wa faili za nota wa Michael Good uliotoka mwaka 2004 na ambao tangu 2015 unasimamiwa chini ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, na programu zote za nota nilizozitaja huusoma. Unabeba nota, maneno, vifungo na alama. Mpangilio wa ukurasa utavurugika, na silabi zikague mojamoja: "m" ya "mtu" mara nyingi ina nota yake, na ikihama kwa nafasi moja mstari mzima unateleza. Hifadhi pia PDF ya kila wimbo.

Kilichobaki ni solfa, na sitaki tungoje Hamburg wala mji mwingine wa ng'ambo waje kuitengeneza. Viongezo vya MuseScore huandikwa kwa JavaScript, na jiji hili limejaa vijana wanaoandika JavaScript kutwa, wengi wao wakiimba besi Jumapili. Wanaohitajika ni wawili watatu wao wakae na mwalimu mmoja anayeijua solfa ya Curwen barabara. Programu yao isome ufunguo na kuweka d mahali pake. Iweke koloni na nukta kufuatana na mizani. Wimbo unapohama ufunguo, iandike nota ya daraja yenye majina yote mawili. Na nota ikirekebishwa juu, solfa ya chini ijirekebishe. Waanze na nyimbo za 4/4 zisizohama ufunguo, wazijaribishe na kwaya moja ya parokia, kisha 12/8 ifuate.